Kalenda, kipimajoto, mwezi au ndege: kipi kikuambie besi milia amefika?

Novemba, saa kumi alfajiri, gari nimeshaliwasha na bado sijaamua. Kutoka kwangu hadi ufuko wa Island Beach, New Jersey, ni mwendo wa saa moja na nusu, na nikifika nikakuta bahari tupu basi siku imekwenda, maana saa tano natakiwa kazini. Safari za bure nimezifanya nyingi. Mke wangu anazijua kwa tarehe. Ndiyo maana nikaanza kuweka daftari. Humo siandiki samaki tu, naandika kilichonitoa kitandani: leo nilifuata kalenda, leo nilifuata mwezi, leo nilimsikiliza mwenye duka la chambo. Baada ya misimu tisa daftari limeanza kutoa ushahidi, na si vyote vilivyonitoa kitandani vilistahili.

Nawaandikia Waswahili ambao riziki imewatupa pwani hii ya Atlantiki ya Marekani: wa New Jersey na New York, wa Massachusetts, na ndugu zetu Wakongo wa Portland, Maine, ambao miongoni mwao wapo waliovua ziwa Tanganyika tangu utotoni na hawana haja ya kufundishwa kurusha mshipi. Kurusha tunajua. Kinachotutoa jasho ni kujua lini.

Samaki mwenyewe kwa Kiingereza ni striped bass, na watu wa Maryland humwita rockfish. Mimi nimemzoea kwa jina la besi milia, kwa ile mistari saba au minane myeusi iliyolala ubavuni kuanzia nyuma ya shavu hadi mkiani. Huzaliwa kwenye maji matamu ya mito, yasiyo na chumvi, na hukulia baharini. Mazalio makubwa ni ghuba ya Chesapeake na mito yake, ambako hutoka sehemu kubwa ya besi milia wote wa pwani; kisha mto Delaware na mto Hudson. Aprili na Mei hutaga, na wakishataga wale majike wakubwa hutoka nje na kupanda kaskazini wakifuata pwani: New Jersey, Long Island, Rhode Island, Cape Cod, wengine hadi Maine. Huko hula kiangazi chote. Maji yakianza kupoa hugeuka na kushuka, yakifika majira ya baridi wako mbele ya Virginia na North Carolina. Madume mengi na wadogo hawasumbuki na safari ndefu, hubaki karibu na ghuba zao.

Kwa hiyo mvuvi wa ufukweni ana madirisha mawili kwa mwaka, samaki wanapopanda na wanapoteremka. Dirisha lenyewe huchukua wiki kadhaa, lakini mbele ya ufuko mmoja kundi linaweza kupita kwa siku tatu na kwisha. Mwenye mashua atalifuata. Wewe uliyesimama mchangani na fimbo mkononi unategemea lije kwako.

Kalenda dhidi ya kipimajoto

Kalenda ni ya bure na kila mtu anayo. Mwisho wa Machi na Aprili samaki huanza kula ndani ya ghuba ya Raritan, nyuma ya Sandy Hook, kwa sababu maji yale ni ya kina kifupi na matope meusi ya chini hushika jua mapema. Mei hadi Juni wakubwa waliotoka kutaga Chesapeake hupita mbele ya fuko za New Jersey. Julai na Agosti usiwatafute sana huku. Wako Montauk, ncha ya mashariki ya Long Island, na Block Island, Cape Cod na Maine. Septemba mwishoni na Oktoba Montauk huchemka. Novemba ni ya New Jersey, na Desemba ya kusini mwa jimbo hilo. Ukimwuliza mzee yeyote aliyesimama kwenye mawe ya gati, atakupa hesabu hiyo hiyo bila kufungua karatasi.

Hesabu hii haipotoki ovyo, kwa sababu inafuata jua. Ami yangu kule Micheweni, Pemba, alikuwa na hesabu ya namna hiyo. Mwezi aliutumia kwa maji na kwa ibada, lakini majira aliyahesabu kwa mwaka wa Nairuzi, ule unaoanza Julai na ambao Makunduchi hukoga kwa shamrashamra: siku kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, thelathini na sita na siku tano za ziada. Ungemsikia akisema “tuko mwongo wa ishirini,” na hapo tayari ameshajua upepo gani uko njiani na samaki gani yuko nyuma ya upepo huo. Hakuchanganya hesabu mbili hizo hata siku moja. Nitalirudia jambo hili tukifika kwenye mwezi, maana ndipo wengi wetu tunapopotea.

Udhaifu wa kalenda ni kuwa inakupa mwezi na haikupi wiki. Machipuko yakichelewa, Chesapeake hukaa baridi, samaki huchelewa kutaga, na safari nzima husogea mbele. Tena maji ya pwani hii yamepata joto kuliko zamani, kwa hiyo tarehe za mzee aliyevua miaka ya themanini zipokee kwa heshima, halafu uzikague. Yule ambaye kila mwaka alipata samaki wake wa mwisho kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba, huenda sasa anakunja fimbo wakati samaki ndiyo kwanza wanafika.

Hapo ndipo kipimajoto kinapoishinda kalenda, na ushindi wenyewe si mdogo. Serikali ya Marekani, kupitia shirika lake la bahari na anga, NOAA, ina maboya yanayopima joto la maji mchana na usiku na kulitangaza bure. Kwa New Jersey na Long Island naangalia boya namba 44025, lililoko maili 30 za baharini kusini ya Islip, na namba 44065 lililoko kwenye mlango wa bandari ya New York. Vituo vya kupima kujaa na kupwa vya Sandy Hook, Atlantic City na Montauk navyo hupima joto. Chuo Kikuu cha Rutgers huweka picha za setilaiti zinazoonyesha rangi ya joto la bahari nzima, na siku isiyo na mawingu unauona ulimi wa maji ya baridi umelala ufukweni kama mkeka.

Makisio ninayotembea nayo ni haya. Chini ya nyuzi 7 za Selsiasi besi milia ni mvivu, hula kidogo. Kuanzia 10 anaamka. Kati ya 13 na 18 yuko kwenye karamu. Ikipita 21 ufukweni, mkubwa hutafuta kina au kaskazini. Maboya husoma kwa Farenihaiti, basi kariri 45, 50, 55 hadi 65, na 70, itakutosha.

Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza: nyuzi 13 za Mei si nyuzi 13 za Novemba. Mei maji yanapanda, samaki anapita haraka kuelekea kaskazini na njaa ya kutaga iko nyuma yake. Novemba maji yanashuka, naye anajinenepesha kwa ajili ya baridi, anakaa palipo na chakula. Kwa hiyo usisome namba peke yake; soma inaelekea wapi kwa siku saba zilizopita. Mimi huandika namba ya leo na ya wiki iliyopita zikilala pamoja, na tofauti yake ndiyo ninayoitazama kwanza.

Wa pili: boya liko mbali. Maili 30 nje, maji ni ya kina na huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Aprili ufukweni unaweza kuwa na joto kuliko boya. Desemba mambo hugeuka. Kituo cha gatini kiko karibu zaidi na miguu yako, kwa hiyo vikihitilafiana, cha gatini ndicho cha kusikiliza.

Halafu kuna ajabu ya kiangazi ambayo mtu wa pwani yetu ataielewa upesi kuliko jirani yangu Mmarekani. Pepo za kusi zikishika kule Somalia, maji ya juu husukumwa mbali na nchi na maji baridi ya chini hupanda kuziba nafasi. Ndiyo maana bahari ile hupoa katikati ya joto na samaki hujaa. New Jersey hufanya vivyo hivyo kwa kipimo kidogo. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma siku mbili tatu mfululizo, Juni au Julai, maji ya ufukweni huweza kushuka nyuzi 5 au zaidi ilhali hewa ni ya moto na watu wamejaa na miavuli yao. Wanaoogelea hutoka wakitetemeka. Kalenda itakuambia msimu umekwisha. Kipimajoto kitakuambia pengine hapana. Mwezi Juni nimepata samaki wawili kwa njia hii, wote asubuhi ambayo hakuna mvuvi mwingine aliyejisumbua.

Kwa hiyo kati ya viwili hivi: kalenda kwa kuomba likizo kazini, kipimajoto kwa kuchagua wiki. Ukilazimishwa kushika kimoja tu, shika kipimajoto.

Mwezi, tuliolelewa nao

Sisi tumelelewa na mwezi. Mtoto wa Pemba anajua bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yale madogo ya mwezi nusu, kabla hajajua kusoma. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Bahari inakimbia, mwamba unabaki uchi, akina mama wanakwenda kuokota chaza na pweza mahali ambapo jana palipita ngalawa. Mtu aliyelelewa hivyo akihamia New Jersey atafungua jedwali la maji kabla ya kitu kingine chochote. Nami nilifanya hivyo misimu mitatu ya mwanzo, na ukurasa wa daftari wa misimu hiyo ni wa kusikitisha.

Sandy Hook maji hupanda kama mita 1.4 tu kwa wastani. Kwenye ufuko wa wazi wa bahari kuu tofauti ya bamvua na maji mafu ipo, lakini haibadilishi nchi kama kwetu. La pili, saa zimehama. Unguja maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Sandy Hook, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa mbili, asubuhi na usiku. Ukibeba saa za kwetu kichwani utafika ufukweni maji yakiwa nusu.

Kosa kubwa lakini ni la aina nyingine. Mwezi haumtoi samaki Chesapeake. Mwezi hurudi ulipokuwa kila baada ya siku 29 na nusu, mwaka mzima, Februari na Agosti sawasawa na Novemba. Kitu kinachojirudia mara kumi na mbili kwa mwaka hakiwezi kukuambia jambo linalotokea mara mbili. Hilo ami alilijua, na ndiyo sababu ya ile miongo yake. Mwezi unakupa saa ndani ya siku. Siku yenyewe sharti uipate kwingine.

Pana mahali, hata hivyo, ambapo mwezi ni mfalme, napo ni popote maji yanapobanwa. Milango ya ghuba kama Barnegat: maji yakikupwa, chakula chote cha ghuba hutolewa nje kama mizigo inayoshushwa gatini, na besi milia hupanga foleni pembeni ya mkondo. Na juu ya yote, mfereji wa Cape Cod huko Massachusetts. Mfereji ule unaunganisha bahari mbili ambazo hazijai pamoja: upande wa Buzzards Bay maji hujaa takriban saa tatu kabla ya upande wa Cape Cod Bay, na upande huu wa pili hupanda zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Matokeo yake mkondo hukimbia hadi karibu fundo 5, kama kilomita 9 kwa saa, ukasimama, ukageuka. Kuvua kutoka mashua ndani ya mfereji hakuruhusiwi, kwa hiyo ni ufalme wa watu wa nchi kavu. Wanapita na baiskeli kandokando, fimbo zimefungwa nyuma. Huko jedwali la mkondo ni msahafu: ukipata siku ambayo mkondo unageuka karibu na mapambazuko, usilale. Ndugu wa Worcester na Boston, kwenu mwezi una kazi kubwa kuliko kwangu.

Upepo, na kile kipimahewa cha ukutani

Wavuvi wengi wa huku huapa kwa kipimahewa: mgandamizo wa hewa ukishuka, samaki hula. Nilikubali hadi nilipopiga hesabu. Dhoruba nzito ya kaskazini-mashariki hushusha mgandamizo kwa, tuseme, milibari 30. Maji ya kina cha sentimita 30 hutoa mgandamizo wa kiasi hicho hicho. Samaki aliyetulia chini mbele ya Sandy Hook hupitia mabadiliko ya zaidi ya mara nne ya hapo kila maji yanapojaa na kupwa, mara mbili kwa siku, bila kukasirika wala kufurahi. Sioni vipi alijue badiliko dogo la angani kati ya makubwa ya baharini. Ninachokubali ni kuwa kipimahewa kikishuka, upepo na mawingu viko njiani, na hivyo samaki anavihisi. Basi tazama upepo wenyewe, acha saa ya ukutani ipambe sebule.

Upepo wa mashariki hupeleka maji na vidagaa ufukweni, na wimbi linalovunjika juu ya mafungu ya mchanga huwavuruga wadogo, mkubwa akapata kula bila jasho. Ukizidi, maji yanakuwa uji wa mchanga na majani ya baharini, mshipi unarudi na shada. Siku ya kwanza au ya pili baada ya dhoruba, upepo ukigeuka kaskazini-magharibi na bahari ikianza kulala, ndiyo ninayoitafuta katika Oktoba na Novemba. Upepo huo wa kaskazini-magharibi pia hupoza maji ya ghubani kwa kasi, na vidagaa vilivyojificha humo kiangazi chote hutoka kwa makundi. Upepo hukupa siku. Ukiwa na siku mbili za mapumziko kwa wiki, na huwezi kuchagua wiki, basi upepo una faida kwako kuliko boya.

Chambo na ndege dhidi ya mdomo wa watu

Hapa nitakiri upendeleo. Kama ningekaa dakika kumi kutoka baharini nisingefungua kurasa za boya lolote. Ningetazama chakula chake.

Kwanza menhedeni, ambaye wavuvi wa New Jersey hawamwiti ila “bunker”: samaki mnene wa mafuta, kama yule dagaa wetu aitwaye simu akinona, anayetembea kwa makundi yanayotia uso wa bahari doa jeusi. Besi milia mkubwa anayekwenda na bunker mara nyingi yuko nje kidogo ya urefu wa mshipi, na hilo limewafanya watu wazima kupiga mateke mchanga. Mwezi Septemba hupita mkizi, jamaa wa mkizi wetu yule mwenye hasira zinazomtajirisha mvuvi, naye huenda karibu kabisa na ufuko, ndani ya wimbi la mwisho. Akipita huyo, mtu wa ufukweni ana haki sawa na mwenye mashua. Novemba huja vidagaa vya mchangani, vyembamba kama kalamu, ambavyo hujizika mchangani. Vikiweka makazi mbele ya ufuko mmoja, besi milia hukaa hapo hata wiki mbili. Nimewahi kukanyaga mchanga maji yakikupwa, vikachomoka kama sindano, na sikuondoka pale hadi giza.

Ndege husoma bahari kwa ajili yako. Membe wakirukaruka juu chini mahali pamoja, chini yao pana wadogo wanaofukuzwa. Huenda mfukuzaji si besi milia, lakini yupo. Shakwe waliokaa juu ya maji wametulia usiwapuuze: ama wameshiba, ama wanangoja. Na ukiona yule ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mbawa, gannet, akijitupa baharini kama jiwe, hao ni bunker, na mara nyingi ni mbali.

Udhaifu wa ndege ni mmoja na hauna dawa: lazima uwepo. Hawatabiri, wanashuhudia. Kwa mtu wa saa moja na nusu barabarani, ushuhuda wa saa moja asubuhi umekuja umechelewa. Usiku nao ndege wamelala, na usiku ndio wakati wakubwa wanaposogea karibu zaidi.

Mdomo wa watu unaonekana kuziba pengo hilo. Mwenye duka atakuambia jana walipatikana wapi. Lakini jana ni jana, kundi limeshashuka maili kumi. Na mwenye duka, Mungu amweke, anauza chambo. Mimi habari za watu nazitumia kwa jambo moja tu: kujua kundi lilikuwa wapi siku nne zilizopita, nikalilinganisha na siku mbili zilizopita, nikapata mwendo wake. Montauk wakiongea Jumatatu na fuko za kaskazini mwa New Jersey wakaongea Alhamisi, mimi wa Island Beach nanoa ndoana. Mtu mmoja akisema “wapo kila mahali” simwandiki.

Utabiri wa miaka, kutoka juya la Maryland

Kuna chombo kimoja ambacho wavuvi wengi hawakitaji kwenye mazungumzo haya, nacho ndicho kinachoona mbali kuliko vyote. Tangu 1954 jimbo la Maryland huburuta juya mahali 22 palepale kila kiangazi na kuhesabu vifaranga vya besi milia vya mwaka ule. Kizazi cha 2011 kilikuwa kikubwa, na cha 2015 pia. Kuanzia 2019 hadi 2024 hakuna mwaka uliofika wastani. Samaki huyu huchukua miaka mingi kukua na huweza kuishi hadi 30, kwa hiyo karatasi ile inakuambia leo utakutana na nani ufukweni miaka saba ijayo. Wakubwa wa 2015 bado wanapita. Nyuma yao msafara ni mwembamba. Mtu anayesema “mwaka huu mwezi haukukaa vizuri” mara nyingine anatafuta angani kosa lililofanyika kwenye mazalio ya mito.

Hii pia ndiyo sababu ya kanuni kubana. Maryland ilifunga kabisa uvuvi wake kuanzia 1985 hadi 1990, na samaki wakarudi kwa wingi. Nje ya maili 3 kutoka pwani kuvua besi milia kumekatazwa tangu 1990. Tangu 2023, pwani ya bahari kuu unaruhusiwa kubaki na mmoja kwa siku, wa inchi 28 hadi 31, yaani sentimita 71 hadi 79. Yule wa kupigia picha anarudi majini. Ukitumia chambo halisi ndoana ni ya duara, ile inayoshika pembe ya mdomo. Majimbo hubadilisha kanuni mara kwa mara na mengine hutaka usajili au kibali. Soma ya jimbo lako usiku kabla hujatoka, si ukiwa mbele ya askari.

Wewe ni yupi?

Unakaa mbali na unachagua wiki moja ya likizo kwa mwaka: kalenda ikupe Oktoba mwishoni kwa Montauk au wiki mbili za kati ya Novemba kwa New Jersey, kisha kipimajoto kiamue uisogeze mbele au nyuma. Mwezi usiutazame mpaka umefika hotelini.

Una Jumamosi na Jumapili tu: upepo. Joto la maji likiwa ndani ya kumi na kitu, nenda ile siku ambayo bahari inaanza kulala.

Unakaa karibu: macho. Pita ufukweni jioni, dakika ishirini, kila siku, na fimbo iwe ndani ya gari. Huyu ndiye anayepata samaki wengi kuliko sote na ndiye asiyeweza kueleza amejuaje.

Unavua mfereji wa Cape Cod au mlango wowote wa ghuba: jedwali la mkondo kwanza, mengine baadaye.

Uko Maine: dirisha lako ni moja refu, Juni hadi Septemba, na samaki wamekuja kukaa kula. Kwako utabiri wa safari hauna uzito sana. Vinywa vya mito kama Saco na Kennebec, maji yakitoka, giza likiingia, vinatosha.

Turudi kwenye gari. Asubuhi ile ya Novemba kituo cha Atlantic City kilikuwa kinasoma nyuzi 12, kikishuka kutoka 14 wiki iliyotangulia. Upepo ulikuwa umegeuka kaskazini-magharibi jana yake alasiri, baada ya siku mbili za mashariki. Jumapili nilikuwa nimeona kwa macho yangu vidagaa vya mchangani. Kila nilichoandika hapo juu kilisema nenda. Halafu nikafungua jedwali la maji, mkono una mazoea yake: mwezi nusu, maji mafu, na yanakupwa. Nikasikia sauti ya ami, “maji mafu hayo, lala.” Nikazima gari, nikalala.

Saa tatu kasoro simu ikatetemeka. Mwenzangu wa kazini, mtu wa Lamu, ameshika samaki wa inchi thelathini, nyuma yake bahari imelala na membe wamejaa. Nikachukua daftari, nikaandika kwenye safu ya mwezi: kosa la tatu msimu huu.